Kufundisha neno "yet" kwa wanaozungumza Kichina: mwongozo kwa mwalimu Mswahili

Mtu akiulizwa kwa Kiswahili kama amekula, anaweza kujibu kwa neno moja, "Bado", na neno hilo hubeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba hajala, na kwamba kula kunatarajiwa. Mchina akiulizwa swali hilohilo hujibu "Hái méi", yaani 还没, ambapo "hái" ni "bado" na "méi" ni ukanushi. Mwingereza husema "Not yet". Majibu haya matatu yana maana moja, ila kila lugha imefika hapo kwa njia yake, na makosa mengi ambayo wanafunzi wanaozungumza Kichina huyafanya katika kielezi "yet" hutokana na tofauti hiyo ya njia.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya walimu Waswahili wanaowafundisha Kiingereza watu wazima wanaozungumza Kimandarini, yaani Kichina sanifu, wawe wafanyabiashara wa Kariakoo, wahandisi wa miradi ya ujenzi, au wanafunzi walioko China kwenyewe wanaosomeshwa kwa intaneti. Naamini kabisa kwamba mwalimu Mswahili ana mtaji ambao mwalimu mwenye Kiingereza peke yake hana. "Bado" yetu hufanya kazi karibu sawasawa na "hái" ya Kichina, na kiambishi chetu "-ja-" hubeba ndani ya kitenzi maana ambayo Kichina hakiiweki kwenye kitenzi kamwe. Mtaji huo utumike kwa utaratibu, hatua baada ya hatua, wala usifundishwe wote kwa siku moja.

Hatua ya kwanza: jua mwanafunzi amekuja na nini

Mwanafunzi wako si mgeni wa neno hili. Mwaka 2001 serikali ya China ilielekeza Kiingereza kianze kufundishwa kuanzia darasa la tatu la shule ya msingi, na hata waliosoma kabla ya hapo walikikuta sekondari, kwa hiyo neno "yet" alilikariri zamani katika orodha ya msamiati. Tatizo ni kwamba katika orodha za namna hiyo neno hupewa tafsiri tatu zilizopangwa mstari mmoja, "hái", "yǐjīng" na "rán'ér", yaani bado, tayari, na hata hivyo, bila kuelezwa ni lini ipi inatumika. Mtu aliyekariri kwamba neno moja lina maana ya "bado" na "tayari" kwa wakati mmoja ana haki ya kuchanganyikiwa.

Kabla ya kufundisha chochote, mpe sentensi tano za Kichina azigeuze kwa Kiingereza, nawe ukae kimya ukisikiliza. Ya kwanza ni 他还没来, tā hái méi lái, "bado hajaja". Ya pili ni 他还在这里, tā hái zài zhèlǐ, "bado yupo hapa". Ya tatu ni 你吃饭了没有, nǐ chī fàn le méiyǒu, "umekula au bado?" Ya nne ni 货已经到了, huò yǐjīng dào le, "mzigo umeshafika". Ya tano ni 他虽然很累,却很高兴, tā suīrán hěn lèi, què hěn gāoxìng, "ingawa amechoka sana, ana furaha". Katika sentensi hizi, ya kwanza na ya tatu ndizo mahali pa kawaida pa "yet". Ya pili hutaka "still", ya nne "already", na ya tano ina mtego wake ambao tutaufikia. Yaandike makosa yake kama alivyoyasema. Hayo ndiyo yatakayokuambia uanzie hatua ipi, kwa sababu wapo wanaojua maana vizuri lakini wakakosea mahali pa kuliweka neno, na wapo waliojua mahali lakini wakakosea kitenzi.

Hatua ya pili: litenge "yet" na "still"

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko mahali pengine popote, na mwalimu asione uvivu kukaa hapa vipindi viwili au vitatu. Kichina husema "hái" kwa jambo linaloendelea na kwa jambo lisilotokea, na Kiswahili nacho husema "bado" kwa yote mawili: bado yupo, bado hajaja. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. Jambo linaloendelea hupewa "still", "He is still here", na jambo ambalo halijatokea lakini linatarajiwa hupewa "yet", "He has not come yet". Mwanafunzi anayesema "He is here yet" hajakosa akili. Amechukua "hái" yake na kuitafutia neno moja la Kiingereza, kama ambavyo mtoto wa shule wa kwetu naye huchukua "bado" yake akalitafutia neno moja.

Mfundishe kwanza kuuliza swali moja kabla ya kuchagua neno: je, baada ya "hái" kuna "méi", au hakuna? Ikiwa baada yake kuna "méi", neno la kwanza la kufikiria ni "yet". Ikiwa baada yake kuna kitenzi cha kuwepo au cha kuendelea bila ukanushi, neno ni "still". Kipimo hiki kinamfaa kwa sababu anakitumia ndani ya lugha yake mwenyewe, kabla hajaanza kuhangaika na sarufi ya Kiingereza. Mpe sentensi ishirini za Kichina zenye "hái", azipange katika mafungu mawili bila kutafsiri hata moja. Akishamaliza kuzipanga ndipo atafsiri.

Baada ya hapo, na si kabla, mwonyeshe kwamba "still" pia huweza kuingia katika sentensi kanushi. "He hasn't come yet" ni taarifa tu: hajaja, tunamngoja. "He still hasn't come" ina uzito wa subira iliyoanza kuisha, kama tunavyosema "mpaka sasa hajaja". Mchina ana namna yake ya kuonyesha hali hiyo, "Tā zěnme hái méi lái?", ambayo ni "Mbona bado hajaja?" kwa Kiswahili. Mwambie kwamba pale ambapo angetamani kuingiza "zěnme", Kiingereza huelekea kwenye "still", na kwamba katika sentensi hiyo "still" hutangulia kitenzi kisaidizi, ilhali "yet" hukifuata. Tofauti hii ni ya heshima pia. Mfanyakazi anayemwandikia mteja "You still haven't paid" anamkaripia, hata kama nia yake ilikuwa kukumbusha tu. "You haven't paid yet" ni laini zaidi.

Kwa anayezungumza Kikantoni, Kichina cha Hong Kong na Guangdong, njia ni fupi kidogo. Lugha hiyo ina neno maalumu la kutotokea bado, 未, ambalo husimama pia mwishoni mwa swali, kama katika 食咗飯未, "umekula au bado?" Hapo ndipo hasa "yet" ya Kiingereza inaposimama, na mwanafunzi huyo hulipata swali kwa urahisi.

Hatua ya tatu: kitenzi, halafu mahali

Kitenzi cha Kichina hakibadiliki. "Lái" ni "lái" iwe jana, leo au kesho, na "tā méi lái" inaweza kuwa "hakuja" au "hajaja", kufuatana na mazungumzo. Ndiyo maana utasikia "He not come yet" au "He didn't came yet". Kiswahili, kwa bahati njema, kinatofautisha mambo hayo kwa silabi moja: "hakuja" ni mlango uliofungwa, "hajaja" ni mlango ulioachwa wazi. Kama mwanafunzi wako anaishi Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi na amejifunza Kiswahili kidogo cha sokoni, usiogope kukitumia. Mwambie kwamba "hajaja" ni "hasn't come yet" na "hakuja" ni "didn't come", na kwamba kama vile Mswahili hawezi kusema "jana hajaja", ndivyo na "yet" isivyokaa pamoja na wakati uliokwisha fungwa kama jana, juma lililopita au mwaka 2015.

Kwa asiyejua Kiswahili, chora mlango ubaoni. Mkutano wa jana umekwisha, mlango umefungwa, nani alikosa? "He didn't come." Mkutano wa leo haujaanza, mlango uko wazi, nani anangojwa? "He hasn't come yet." Zoezi hili ni la watoto kwa sura yake, lakini nimeliona likiwasaidia wahandisi wenye umri wa kuwa wazazi wangu. Ongeza tahadhari moja: katika mazungumzo ya kawaida ya Wamarekani husikika "Did you eat yet?", kwa wakati uliopita wa kawaida, na mwanafunzi anayeangalia filamu zao atakuletea mfano huo. Mwambie ni sahihi katika maongezi ya huko, ila katika mtihani na katika barua ashike "Have you eaten yet?"

Likija suala la mahali, kosa la kawaida ni kuliweka neno kabla ya kitenzi, kwa sababu "hái" hukaa hapo: "I yet haven't finished." Kanuni ya kumpa ni kwamba katika mazungumzo "yet" hukaa mwisho wa kishazi, baada ya yambwa. "I haven't paid the driver yet" ni sahihi. "I haven't paid yet the driver" si sahihi. Ninasema mwisho wa kishazi, si mwisho wa sentensi yote, kwani sentensi ikiendelea na sababu, neno halihamii huko mbali: "I haven't paid the driver yet because the bank is closed."

Ipo njia nzuri ya kulitia neno hili mwishoni bila kulazimisha kanuni. Wachina wa kaskazini hasa hupenda kumalizia sentensi za namna hii kwa "ne": "Tā hái méi lái ne." Silabi hiyo ndogo huonyesha kwamba hali ingali vilevile hadi sasa. Mwambie mwanafunzi aiache "hái" isahaulike kwa muda, na mahali alipoiweka "ne" pale mwisho aiweke "yet". Huhitaji kudai kwamba maneno hayo mawili ni sawa, maana si sawa. Unachotaka ni sikio lake lizoee kwamba kuna kitu mwishoni.

Katika maandishi rasmi neno husogea na kusimama mara baada ya "not": "The goods have not yet arrived." Kichina cha ofisini kina neno lake kwa hali hiyo, 尚未, "shàngwèi", ambalo husomeka katika barua na matangazo na ni adimu kusikika mezani. Ukimwambia mwanafunzi aliyesoma kwamba "not yet" iliyoshikana katikati ya sentensi ni "shàngwèi", na "yet" iliyoko mwisho ni "hái méi", atazielewa daraja mbili za lugha kwa dakika moja.

Kuhusu matamshi nitasema machache. Silabi ya Kimandarini haiishii kwa "t", na neno la Kiswahili cha asili huishia kwa irabu, kwa hiyo Mchina huelekea kusema "ye" na sisi huelekea kusema "yeti". Mwanzishie kwenye neno lake "yě", lenye maana ya "pia", kisha mwambie ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu na ibaki hapo bila kupuliza pumzi. Wewe mwenyewe jisikilize usije ukampa irabu ya mwisho ambayo haipo.

Hatua ya nne: maswali na majibu yake

Ile tafsiri ya "yǐjīng" iliyokuwa ikimsumbua inatoka hapa. Katika swali, "Have you eaten yet?" inaweza kutafsiriwa kwa neno la "tayari", nayo ikakaririwa hivyo, kisha mwanafunzi akajibu "Yes, I have eaten yet." Mfundishe kwamba neno linaweza kuingia katika swali na lisiingie katika jibu yakinishi la kawaida. Swali ni "Has the container arrived yet?", jibu la kukubali ni "Yes, it has already arrived", na jibu la kukataa ni "No, not yet". Lengo ni afikirie swali hili kama "lái le méiyǒu", yaani "amekuja au bado", ambalo tayari lina ukanushi mkiani mwake. Akiuliza kwa "already", kama "Has it arrived already?", anaonyesha mshangao kwamba mzigo umewahi, jambo ambalo huenda hakulikusudia.

Jambo la hatari zaidi ni maswali kanushi. Mwanafunzi wangu mmoja, msimamizi wa ghala, aliulizwa kwa simu "Hasn't the truck arrived yet?" naye akajibu "Yes", akimaanisha kwamba ndivyo, lori halijafika. Aliyepiga simu akaelewa kuwa lori limefika, akatuma vibarua wa kupakua, nao wakakaa juani saa tatu nzima bila kazi. Kichina hujibu kwa kuikubali au kuikataa kauli ya muulizaji: "Duì, hái méi lái." Kiswahili hufanya vivyo hivyo: "Lori halijafika?" "Ndiyo, bado." Kiingereza hakiangalii kauli ya muulizaji bali huangalia ukweli wenyewe, na kwa kuwa lori halijafika, jibu lazima liwe "No". Hapa mwalimu na mwanafunzi wako katika mashua moja, na ni vizuri umwambie hivyo waziwazi ili asione haya.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kumzuia asijibu kwa "Yes" au "No" peke yake katika maswali haya. Ajibu daima kwa maneno mawili au zaidi: "No, not yet", "No, it hasn't", "Yes, it has". Akikosea neno la kwanza, la pili litamwokoa. Mfanyie zoezi la haraka la maswali thelathini, nusu kanushi na nusu ya kawaida, kila siku kwa juma moja. Pia mkataze kujibu "Yet" peke yake. "Bado" yetu inaweza kusimama peke yake kwa sababu ukanushi unafahamika ndani yake, lakini "yet" haina ukanushi wowote tumboni, ni lazima iazime "not".

Hatua ya tano: "yet" yenye maana ya "hata hivyo"

Sasa rudi kwenye ile sentensi ya tano. Kichina huunganisha "suīrán" na "dànshì" katika sentensi moja, ingawa na lakini, na mwanafunzi hutafsiri yote mawili: "Although he is tired, but he is happy." Sisi nasi husema kila siku "Ingawa amechoka, lakini ana furaha", wala hakuna anayetushika. Kiingereza hutosheka na kiunganishi kimoja. Ama aseme "Although he is tired, he is happy", ama aseme "He is tired, yet he is happy". Wapo Wachina waliofundishwa shuleni kwamba "although" haikubali "but" ila inakubali "yet". Kauli hiyo ina ukweli, kwani muundo huo upo katika Kiingereza rasmi, hasa cha zamani, lakini ushauri wangu ni kuuacha, kwa sababu anayeuzoea hurudi upesi kwenye "but".

Mahali pa "yet" hii ni mwanzo wa kishazi cha pili. Mwanafunzi anayefikiria kwa "què", ile "lakini" iliyomo katika sentensi ya tano, ataliweka baada ya kiima, "he yet is happy", kwa kuwa "què" hukaa hapo. Mwelekeze afikirie kwa "rán'ér", ambayo hutangulia kiima. Neno hili huunganisha pia vivumishi viwili vinavyovutana, kama "a simple yet useful tool", kifaa rahisi lakini chenye manufaa. Katika mazungumzo ya kawaida "but" ndilo neno la watu wengi, na "yet" ya namna hii ina ladha ya maandishi.

Matumizi mengine machache ayatambue tu akiyasoma, bila kulazimishwa kuyatumia. "Yet again" na "yet another" ni za kurudia jambo kwa mara nyingine tena, mara nyingi kwa uchovu, na kwa Kichina hukaribia "yòu". "Her best result yet" ni matokeo yake bora kuliko yote hadi sasa. "He may yet win" ni kwamba uwezekano wa kushinda haujakwisha.

Hatua ya sita: "have yet to", hasa kwa wafanyabiashara

Nimeuacha muundo huu mwisho kwa sababu unahitaji yote yaliyotangulia, na kwa sababu kuukosea kunaweza kumgharimu mtu fedha. "We have yet to receive your payment" haina "not" wala "no" mahali popote, lakini maana yake ni kanushi kabisa: hatujapokea malipo yenu. Mwanafunzi huona "have", huona "receive", husoma haraka, naye huamini kwamba fedha zimefika. Muundo unaofanana nao wa Kichina ni 有待, "yǒudài", wenye maana ya jambo linalosubiri kufanywa, kama tatizo linalosubiri utatuzi. Hauingii katika kila sentensi, lakini unamwonyesha kwamba lugha yake pia inaweza kusema jambo halijafanyika bila kutumia "méi" wala "bù", ukanushi wake mwingine.

Mwandikie barua tatu fupi za biashara. Ya kwanza iwe na "We have received your payment", ya pili "We have not yet received your payment", na ya tatu "We have yet to receive your payment". Zichanganye, mpe moja moja, na kila akimaliza kusoma muulize kwa Kichina chepesi au kwa Kiswahili: fedha zimefika au bado? Asitafsiri barua, ajibu swali hilo tu. Badilisha vitenzi na majina, weka kontena lililoko bandarini, weka kibali, weka mkataba unaosubiri saini, kama "The contract has yet to be signed". Endelea mpaka ajibu barua kumi mfululizo bila kusita wala kurudi nyuma kusoma upya, kisha mwache aandike yake mwenyewe, kwa mteja wa kweli, nawe uisome kabla haijatumwa.